Picha ya Kupapaswa

Chumba ninachofanyia kazi hapa Igogo, kando ya ziwa, zamani kilikuwa stoo ya nyavu. Hakina dari, na ikifika saa nne asubuhi bati linachoma hadi karatasi zinajikunja zenyewe. Humo ndani nimechora mengi ya kuuza, na mengi siyakumbuki. Ninayoikumbuka ni picha moja tu, niliyoirudia na kuirudia mwaka juzi: nyumba yetu ya Magu, niliyotaka mama aione kwa vidole.

Kisukari kilikuwa kimemmaliza macho. Nilikwenda kumchukua Magu nikamleta kwangu, na tangu alipofika alilalamikia jambo moja, kwamba ile nyumba inamtoka kichwani. Baba tulikwisha mzika, kiwanja kiliuzwa, na aliyekinunua aliivunja nyumba akajenga yake. Kati ya walioijua vizuri tulibaki wawili, yeye na mimi.

"Naiona vipande vipande," aliniambia. "Leo nimeutafuta mlango, sijui ulikuwa umeelekea wapi."

Alilia zaidi kwa ajili ya mlango kuliko alivyolilia macho yake. Nikajiambia, kama kuchora kuna maana yoyote hapa duniani, basi ni hii.

Mkaa na kalamu ni vya nini kwa asiyeona? Nilihitaji picha yenye mabonde na vilima. Nikapasua mifuko ya saruji, nikaikung'uta, nikaibandika tabaka juu ya tabaka mpaka ikawa ngumu. Gundi ya dukani ilibanduka kwa lile joto, kwa hiyo nikatengeneza yangu: nilichemsha ngozi za sangara kutwa nzima kwa moto mdogo, nikachuja kwa kitambaa, nikapata uji mzito unaonata kuliko dhambi. Harufu yake usiniulize. Jirani yangu anayekaanga maandazi alichungulia dirishani, pua ameibana.

"Kila siku supu," alisema, "na hatukaribishwi?"

Ukuta wa nyumba niliutengeneza kwa udongo mweusi wa mbugani. Paa, majani makavu. Ua wa minyaa, nyuzi za wavu nilizozikata na kuzisimamisha. Penye shamba nilibandika pamba yenyewe, na mlangoni nikamweka baba, nimemkata kutoka kwenye shati lake la kaki. Halafu juu ya yote hayo nikapitisha mkaa, vivuli na kila kitu, kwa mazoea tu, maana mkono wangu haujui kuacha.

Mama alikaa mkekani, nikampakatisha ile picha. Nilimshika mkono nikauongoza hadi ukingoni mwa karatasi, kisha nikamwachia. Alipapasa taratibu. Alipofika kwenye udongo wa ukuta akatabasamu.

"Pamba hii," alisema. "Mwaka ule ilistawi kweli."

Nikaona kosa ni la vifaa, udongo nimeulainisha mno. Nikarudi stoo nikauchanganya na mchanga wa ziwani. Safari hii aligusa mchanga akasema, "Minyaa." Nikapanga magamba ya sangara kwenye paa, ncha zikitazama juu. Akasema nzuri, mwanangu, nzuri sana, kama mtu anayesifia chakula cha ukweni.

Nikazidi kukazana. Nilinunua mapanki, yale mabaki ya sangara aliyekwisha tolewa minofu, nikatoa miiba nikaifanya ua. Ilinichoma vidole vyote. Jioni moja vijidudu vya ziwani viliingia kwa wingu zima vikaganda kwenye gundi mbichi, na sikuvitoa, nikasema vitaongeza mkwaruzo. Nilikuwa nimefika pabaya. Kila picha ilikuwa mbaya kuliko iliyotangulia, na nyumba yetu ilianza kufanana na jalala. Tamaa niliikata tangu siku ya mchanga, ila mikono ilikuwa haijapata habari.

Asubuhi moja, baada ya shikamoo na marahaba yetu, nilimmiminia chai kwenye kikombe cha bati nikamwambia asubiri, ni ya moto. Hakusubiri. Alikikumbatia kwa viganja vyote viwili, akawa ananisimulia ndoto aliyoiota, na kikombe hicho mimi mwenyewe nilikishika kwa kitambaa. Nikampokonya. Malengelenge yalikuwa yameanza kuvimba, na kando yake, kwenye ncha za vidole, palikuwa na makovu mengine ya moto ambayo sikuwahi kuyaona, mimi ninayekula kwa kazi ya kuangalia.

"Mama, husikii moto?"

"Mikono ina ganzi."

"Tangu lini?"

"Tangu Magu. Ilianzia miguuni, ikapanda."

"Na picha zote zile?"

Alifuta mdomo kwa upande wa khanga. "Harufu naisikia," alisema. "Zinanuka samaki. Na baba yako samaki alikuwa hali."

Tulicheka. Tulicheka mpaka akakohoa, na kicheko kilipokwisha nilihisi uchungu ambao sikuwahi kuuhisi hata siku ya kumzika baba. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba nilikuwa nimekazana mno, angeanzia wapi. La kuvunda halina ubani. Nilimpaka dawa ya moto viganjani, na yeye akawa anatazama upande ambao sikuwepo.

"Achana na hayo makaratasi," alisema baadaye. "Wewe niambie tu. Anzia barabarani uingie nyumbani, nami nitakufuata."

Nikafumba macho nikaanza. Nikasema huku kuna ua wa minyaa. Nikasema tunapita kwenye pamba. Sasa ukuta huu hapa, mweusi, na baba amesimama mlangoni na shati lake la kaki. Mama alikuwa anaitikia kwa kichwa polepole, anakuja nyuma yangu.

"Haya," alisema. "Mlango umeelekea wapi?"

Nilitafuta. Nilijaribu kukumbuka jua la asubuhi lilikuwa linaingilia upande gani, jioni kivuli cha nyumba kilikuwa kinalala wapi, tulikuwa tunaanika mpunga mbele au nyuma. Kila nilipogeuka niliiona karatasi. Udongo nilioukanda mwenyewe, nyuzi za wavu, vivuli vya mkaa nilivyovitia kwa mazoea, na mlango unaomtazama mchoraji, kwa sababu ndivyo nilivyoupanga ili picha ipendeze. Nyuma ya karatasi hapakuwa na nyumba. Nilikuwa nimeichora mpaka nikaimaliza.

"Sijui, mama," nilisema.

Alingoja kidogo, labda nitakumbuka. Kisha akaikunja ile mikono iliyopakwa dawa, akaiweka mapajani.

"Basi," alisema, "haipo tena."