Gari la Kuitwa kwa Rimoti

Kaka yangu alipokuja Njombe na hilo dude lake jeupe, nililizunguka mara moja tu nikasonya. Pua imevimba, matako yamekatwa, buti hakuna, ni mlango wa nyuma kama wa kabati.

"Gari la kisasa hili," akasema, "na kampuni ni ileile ya gari la baba."

Ileile! Nembo ilikuwa ileile, ndiyo. Ungeing'oa ukaweka ya kampuni nyingine, nani angejua?

Gari la baba lilikuwa la bluu, la chini, refu mbele. Likianza kupanda kilima cha Yakobi, mama analiona akiwa shambani, anakwenda kubandika maji ya ugali. Baba alipofariki nikaachiwa usukani mimi, na mama hakupanda gari jingine. Sasa kaka alitaka liuzwe. Mnunuzi alikuwa anasubiri Makambako, limebaki neno la mama tu.

"Apande langu kwanza," kaka akasema. "Akionja starehe atakubali mwenyewe."

Basi mama akapanda la kaka, nami nikawafuata na la baba, roho inaniuma. Pale stendi ya Makambako kaka akamteremsha anyooshe miguu, akaenda kumtafuta mnunuzi. Mama akabaki na kidumu chake cha ulanzi, ile pombe ya mianzi, zawadi ya wifi yake. Nilipomaliza kuegesha nikamkuta ameshakaa kiti cha mbele cha gari jeupe, kidumu miguuni. Nje amesimama mchungaji wa Kilutheri na mfuko wa nyanya, kaduwaa.

"Kamwene, mama," mchungaji akasema taratibu. "Karibu sana. Ila huo ulanzi, waumini wakiniona nao watanielewa kweli?"

Kaka akaja mbio. "Mama! Siyo hilo! Langu ni..." Akageuka. Meupe manne yamejipanga, yote yamenuna sura moja. Akatoa rimoti, akabonyeza. La mwisho kule likalia na kukonyeza taa. Nilicheka mpaka machozi, na wala sijutii.

Mama akateremka, akamtazama mwanawe juu mpaka chini. "Yaani gari lako mpaka uliite ndiyo ulijue?"

Akaenda moja kwa moja kwenye lile la bluu, bila kuuliza liko wapi. Akaweka ulanzi wake kwenye buti, akakaa mbele, akafunga mlango.

"Huyo mnunuzi," akamwambia kaka kupitia dirishani, "kamwonyeshe hilo lako."