Nyayo Chini ya Mizinga ya Gerson

Mguu wa kulia wa Gerson ulipinda nje tangu ujana. Kijijini kwao, huko Sikonge, hata watoto waliujua unyayo wake: upande wa nje umezama mchangani, wa ndani haugusi. Marehemu mkewe, Levina, alikuwa akimwambia, "Tembea taratibu, baba, mbuzi wasije wakapita hapo katikati."

Goti lilipozidi kuuma, daktari wa Tabora mjini akaukata mfupa chini ya goti, akaunyoosha, akaufunga kwa chuma. Ulipounga, mguu ukawa umenyooka hasa, ila nje ya ua wake alikuwa bado hajautembelea.

Lakini ukoo ulishaamua: Gerson asipoweza kufika porini na kupanda mti msimu huu, mizinga yake ya nyuki itachukuliwa na mdogo wake, Amon. Gerson akakosa raha. Nyumbani hakuna Levina. Abaki na nani, kuku?

Alfajiri moja akaondoka pekupeku, bila kuaga. Akishindwa, ashindwe peke yake. Hakushindwa. Alipanda, akafukiza moshi, akarudi na ndoo ya asali, miguu ikitaka kucheza.

Asubuhi hiyo hiyo Amon akaenda kukagua. Mizinga imefunguliwa! Chini, nyayo ngeni! Akapiga yowe. Sungusungu, walinzi wa kijiji, wakaja na fimbo. Mkubwa wao, Masolwa, akainamia mchanga.

"Si mtu wa hapa huyu. Kijana. Oneni anavyorusha hatua! Magoti mazima."

"Nikimkamata nitayavunja," akasema Amon.

Nyayo zikawapeleka moja kwa moja hadi uani kwa Gerson. Mwenyewe kakaa kwenye kigoda, ndevu zinanata asali.

"Shikamoo kaka," Amon akahema. "Mwizi kapita hapa?"

"Marahaba. Mwizi gani?"

"Wa mizinga yako!"

"Ndiye mimi."

"Kaka, acha utani!"

Gerson akainuka, akatembea mbele yao. Masolwa akainama, akalinganisha nyayo. Kisha akaanguka chini kwa kicheko, fimbo kule, kofia kule.

"Amon! Si ulisema utayavunja? Haya, vunja!"

Uani pakawa vicheko vitupu. Gerson alicheka hadi akashika ukuta. Akageukia mlango amwite Levina aje aone. Akakumbuka. Akacheka tena, taratibu.

Amon akachovya kidole kwenye ndoo, akakilamba.

"Kaka, mizinga yako siitaki. Ila kesho ukienda, niamshe."

"Utaweza kunifuata?"