Nyutro ni Frii

Mume wangu Muoki ana mdomo. Nasema mapema asije mtu akaniambia namsengenya. Nimeshamwambia usoni, tena mbele ya wateja. Mimi ni Nzembi, nauza chai na chapati nje ya geti la yadi ya malori ya Abukar, hapa Nairobi, ukishapita Mukuru kwa Reuben. Yeye ni dereva wa njia ya Mombasa tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na katika yadi ile hakuna dereva ambaye hakufundishwa naye kuteremka na frii.

Frii ni hivi: ukifika mteremkoni unatoa gia, lori linashuka lenyewe, dizeli haiendi. Ni hatari, polisi hawataki, wenye magari wanajifanya hawajui. Muoki ndiye aliyekuwa bingwa. "Mteremko ni wa Mungu," alikuwa akisema, "mbona niulipie?"

Basi Abukar akaleta lori la stima. Moja tu, la kujaribu, libebe majani chai mpaka bandarini. Wanaume walicheka hadi chai ikawatoka puani. Ati lori la kuchajiwa kama simu! Si litafika Voi likiomba pauabanki! Na wa kuwafundisha ni nani? Hayat, binti ya Lela, jirani yetu ukuta kwa ukuta pale mtaa wa Tena, aliyesomea mitambo. Mtoto niliyembeba mgongoni mamake akienda sokoni.

Hayat aliwaeleza mbele ya kibanda changu, nikisikia kwa masikio yangu haya. Lori hili likiteremka likiwa na gia, magurudumu yenyewe yanairudishia betri chaji. Kupanda linakula, kushuka linalipwa. "Kwa hivyo wazee wangu, msiweke nyutro mteremkoni. Mkiweka, hamtafika kituo cha chaji pale Mtito Andei." Abukar akaongeza lake: likikwama, analirudisha kwa waliomwazima, na Hayat atafute kazi kwingine. Funguo akampa Muoki, kwa kuwa ndiye mzoefu.

Lilikwama. Karibu na Kambu, Mtito ikiwa hapo mbele tu, likazima na majani chai yake yote. Kinyanjui, dereva mwenzake, akalikuta pale na lori lake kuukuu la dizeli. Kabla ya kulivuta alipiga video kwanza, huku akicheka. Muoki hajafika nyumbani, Tena nzima imeshaiona.

Akarudi na maneno tayari. Betri mbovu! Mambo ya stima ni ya mjini, barabara ya Mombasa hayaiwezi! Alimwambia Abukar, akawaambia madereva, hata muuza sukumawiki hakupona. Nikamwekea chai iliyobaki kibandani, nikafunga mlango, nikamuuliza, "Baba Kathini, uliweka frii?"

Akapuliza chai. Na chai yenyewe ilikuwa imeshapoa.

Woi, aibu iliyonishika! Aibu ya maiti aijuaye ni mwosha, na mwosha wa huyu mzee ni mimi. Asubuhi Lela akabisha hodi, mtandio kichwani, macho mekundu. "Mama Kathini, mwanangu anafutwa leo. Hebu mwambie Baba Kathini amwombee kwa bosi, yeye husikizwa." Nikasema nitamwambia. Nikainama kuokota kitu ambacho hakikuwa kimeanguka.

Madereva walipokutana na bosi yadini nikajifanya napeleka chai. Abukar alikuwa na simu mkononi, awaite wenye lori waje walichukue. Akauliza kama kuna mwenye neno.

Hayat akasimama. "Bosi, kosa ni langu," akasema. "Niliwaambia nyutro. Hapa nani anasema nyutro? Wanasema frii. Nimezaliwa hapa hapa Eastlands na bado nikawafundisha kwa maneno ya darasani. Baba Kathini hakunielewa. Msimlaumu."

Kumbe alijua! Alijua, na badala ya kumvua nguo mzee wa watu mbele ya wenzake, akamvika. Kinyanjui akadakia, "Eeh, kweli, hiyo nyutro ni mnyama gani?" Madereva wakaitikia. Ilimtosha Muoki kunyamaza tu, na yote yaishe. Na mimi, Mungu anisamehe, nilisimama pale na birika nikiomba anyamaze. Nani hataki mumewe abaki na jina?

Akavua kofia.

"Nilielewa," akasema.

Abukar akamwambia hajamsikia.

"Nimesema nilielewa! Nyutro ni frii. Naijua kabla huyu mtoto hajazaliwa. Alinikataza, nikajiambia, mtoto wa juzi atanifunza nini mimi kuhusu mteremko? Nikaweka frii tangu kule mji wa Salama, kila mteremko, mpaka betri ikaniaga. Lori ni zima. Mbovu ni mimi." Akamgeukia Hayat, akashindwa kumwangalia, akawa anaongea na viatu vyake. "Nisamehe, mama."

Mzee na mvi zake kumwita yule mtoto mama! Sikujua niliweke wapi birika.

Simu ile Abukar hakuipiga. Lori akapewa dereva mwingine, Matheka, likachajiwa Mtito, likafika Mombasa na likarudi, na Hayat yuko kazini hadi leo. Muoki aliwekwa kwenye lori la mchanga, hapa hapa mjini, ambako hakuna mteremko wa kujivunia.

Na Eastlands haisahau. Vijana wa Tena wakimwona ni, "Niaje, Baba Frii!" Mwanzoni alikuwa akipitia njia ya nyuma. Juzi tukitoka dukani mmoja akaliita jina hilo, nikageuka nimpe vidonge vyake, maana mdomo si wa Muoki peke yake. Muoki akanishika mkono. "Wacha," akasema. "Ndilo jina langu." Akainua mkono, akaitika.

Jana wameniita mimi Mama Frii. Nilifungua mdomo niwatukane, nikamkumbuka Lela pale mlangoni na macho yake mekundu. Nikaitika.