Farasi Aliyekuwa wa Ami

Nimerudi sasa hivi kutoka kwenye mazizi ya farasi huko Seeb, nje ya Maskati, mbele kidogo ya soko la mboga la zamani la Mawaleh, na hasira hazijanishuka. Chai imepoa mbele yangu. Wewe ni mtu wangu wa siku nyingi, kwa hivyo nivumilie, maana hili nisipolisema leo litanilaza na homa.

Nilimpeleka mjukuu wangu wa kike. Ana miaka minane, na farasi ndio mazungumzo yake asubuhi na jioni. Siku za Ijumaa wenye mazizi yale hufungua milango, watoto wakapandishwa farasi na kuzungushwa mara mbili, na wakubwa wakanywa kahawa chini ya hema. Tulipoingia tu nikaona kibao cha shaba ukutani. Kimeandikwa kwa Kiarabu kizuri kwamba farasi wa kwanza wa zizi hilo waliokolewa wakati wa vita vya kusini na babu wa wenye zizi, kwa mikono yake mwenyewe.

Kwa mikono yake! Mikono ile mimi niliiona. Ilikuwa laini, yenye pete ya fedha, na ilikuwa na vidole vyote kumi. Aliyewaokoa farasi wale alikuwa na vidole vinane.

Alikuwa jirani yetu Wadi Kabir. Tukimwita Ami, ingawa hatukuwa na udugu naye zaidi ya ukuta mmoja, na kwamba kwao na kwetu kote kulikuwa Unguja kabla ya kuja Maskati. Leo mtaa ule ni wa gereji, lakini zilikuwa chache wakati ule. Kulikuwa na nyumba za matofali ya saruji zisizopakwa rangi, vumbi, na mbuzi waliokula maboksi kama wanakula majani. Alfajiri Bibi yangu akipika mkate wa kumimina, harufu ya iliki ikapita juu ya ukuta, na Ami akakohoa upande wa pili ili tujue kuwa imemfikia. Kazi yangu ilikuwa kumpelekea kipande chake kingali moto. Sahani haikurudi tupu. Ilirudi na malimau, au ndizi, au ilichelewa kurudi kwa sababu nimekaa kusikiliza hadithi.

Ami alikuwa askari, dereva wa lori. Kiarabu chake kilikuwa cha kuombea maji, na wenzake kambini wakimcheka. Yeye na askari wawili walitumwa kwenye shamba moja chini ya milima, kusini huko, kuwatoa wanawake na watoto kwa sababu mizinga ilikuwa imesogea. Wakawatoa. Walipokuwa wanapakia, Ami alisikia nyuma ya nyumba farasi wanapiga mlango wa banda kwa kwato. Akawafikisha watu mahali pa salama, kisha akageuza lori, na wenzake wale wawili wakapanda bila kuulizwa. Hakuna aliyewaamuru. Mwenye farasi, babu huyo wa kwenye kibao, alikuwa Maskati, kwenye shughuli zake, kilomita zisizo na idadi kutoka kwenye moshi ule.

Walikuwa farasi wanne, wote majike, wa nasaba ambayo bwana wao aliweza kuitaja mama kwa mama mpaka pumzi zikamwishia. Ila farasi mwenye nasaba naye hapandi lori kwa kupenda. Waling'oa milango ya nyumba wakailaza iwe daraja. Farasi wakagoma. Ami akachana kikoi chake, akamfunga macho wa kwanza, akamsemesha Kiswahili sikioni mpaka akapanda. Nilimuuliza alijifunza wapi mambo ya farasi. Akasema hajapata kujifunza, yeye ujana wake wote Unguja aliukesha na punda, na farasi alimuona ni punda aliyesoma.

Wa mwisho alikuwa wa kijivu. Kombora likaanguka nyuma ya ukuta, farasi akaruka, na kamba aliyokuwa ameizungusha mkononi ikamkata Ami vidole viwili. Hakuiachia. Alimpandisha, akafunga mkono kwa kipande cha kikoi kilichobaki, akaendesha lori hadi kambini. Mimi nilikuwa mtoto, nilipenda kuvihesabu vidole vile akimaliza hadithi, na siku moja nikamuuliza kama hakuogopa.

"Nliogopa sana, mwanangu," akasema. "Lakini nshawaambia twende. Ntawaachaje?"

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo damu inaponichemka. Vita vilipotulia, bwana mwenye farasi aliwahamishia farasi wake Seeb na akamwita Ami nyumbani kwake amshukuru. Ami akamchukua baba yangu amsindikize, na baba akanichukua mimi, maana msichana mdogo hana mahali asipoingia. Nilivaa gauni la Idi. Njia nzima Bibi alikuwa kichwani mwangu na maneno yake ya kila tunapotoka: usipokee kitu mara ya kwanza, wataona kwenu hukula. Akikupa, sema ahsante, usijisumbue. Akirudia, sema nimeshiba. Akirudia tena, pokea kwa mikono miwili.

Na mle ndani nikaona kwamba watu wa Seeb nao ni hivyo hivyo. Bwana yule alitusogezea halwa, baba akasema tumekula, bwana akatusogezea tena na tena mpaka tukala. Kahawa alikuwa anamimina mwenyewe. Unaijua kahawa ya huku: usipokitikisa kikombe, utamiminiwa hadi kesho. Ami alitia mkono juu ya kikombe mara mbili, na mara mbili bwana akauondoa kwa kicheko akammiminia. Nataka ulishike hili.

Kisha bwana akanyamazisha watu. Walikuwa kama kumi, wamekaa ukutani. Akasema farasi wa kijivu ana mimba, na mwana jike wa kwanza atakayemzaa ni wa Ami. Kwa wafuga farasi mwana jike hatolewi hivi hivi. Ndiye nasaba yenyewe. Nilimuona Ami uso umemlainika. Alitaka. Mtu mzima yule, askari, alitaka farasi yule kuliko nilivyotaka mimi kitu chochote duniani. Akaweka mkono wake wa vidole vitatu kifuani, akainamisha kichwa.

"Usijisumbue, bwana," akasema. "Sisi tumefanya wajibu wetu."

Halafu akangoja. Baba akangoja. Mimi mwenyewe, na gauni langu la Idi, nikangoja nikihesabu moyoni: sasa anarudia, sasa anarudia. Bwana akamwombea kheri kwa Mungu, akawageukia wageni wengine wakazungumza habari za mvua. Mtu aliyeuondoa mkono juu ya kikombe mara mbili kwa sababu ya tone la kahawa, alishika neno moja tu la adabu akabaki na farasi mzima. Usiniambie hakujua. Alijua, na wale kumi ukutani walijua, na kila mmoja alitazama kikombe chake.

Ami hakuamini. Garini alisema bwana ameona haya kumshurutisha mbele za watu, ataleta habari. Akajenga banda uani, mwenyewe, kwa mbao za makreti na mabati mawili. Mimi nilipewa kazi ya kuokota mawe na vipande vya chupa ili mwana asijikate kwato, na nikaifanya kila nikirudi skuli. Nilikusanya maganda ya matikiti. Nilimchagulia jina, nikalibadilisha mara nne. Ami alinunua ndoo mpya ya bati, akaining'iniza msumarini mahali ambapo farasi mdogo angeifikia, na alfajiri akikohoa kwa ajili ya mkate wa Bibi nilikuwa nasikia pia anaigonga ile ndoo kwa kucha, ting, ting, kama anayejaribu sauti yake.

Mwana alizaliwa, na alikuwa jike. Habari tulizipata kwa mtu anayeuza majani ya mifugo. Wiki mbili zikapita, mwezi ukapita. Baba ndiye aliyekwenda kuuliza. Bwana akamkaribisha vizuri, akamlisha, akammiminia, kisha akamwambia kwa upole kwamba yeye alitoa mbele ya watu na rafiki yake akakataa mbele ya watu, na watu hao wote wako hai.

Bibi alivyosikia aliweka chini kawa aliyokuwa anaisuka. Alisema mengi ambayo sitayarudia. Tangu siku ile tende za Seeb hazikuingia kwetu mpaka anakufa. Ami alitia kuku kwenye banda. Ndoo aliiacha msumarini, na nilipomuuliza kwa nini hakwenda mwenyewe kudai, alinitazama kama nimemuuliza kwa nini hatembei uchi.

Ndiyo hayo niliyokuwa nayo kifuani leo mbele ya kile kibao, na Ami kishakufa, kaacha binti mmoja. Nikakaa chini ya hema. Mwenye zizi wa sasa, mjukuu wa bwana yule, kijana mzuri wa kanzu nyeupe, alikuwa anapita na birika akimimina mwenyewe kama babu yake. Alipofika kwangu nikamweleza, kwa Kiarabu na kwa sauti, yote niliyokueleza wewe. Sikutukana mtu. Nilimwomba tu anionyeshe kwenye kibao vidole viwili vya Ami vimeandikwa wapi.

Kijana aliona haya, sitamsingizia. Akaweka mkono kifuani, akaniita khalti, kama dada wa mama yake: "Khalti, kama ni hivyo, mwana jike wa kwanza wa mwaka huu ni wenu."

Ilikuwa adabu tu, nilijua. Na maneno ya Bibi yakanipanda kooni yenyewe, usijisumbue mwanangu, yakafika hadi kwenye meno. Nikayameza na kahawa.

"Nimepokea," nikasema. "Si kwangu, ni kwa binti wa askari yule. Na hawa wote wamesikia."

Kijana akasema inshallah, akaendelea kunimiminia bila kuangalia mpaka kahawa ikafurika mkononi mwangu. Nikakitikisa kikombe, nikamrudishia, nikainuka.

Nilimwambia dereva atupitishe Wadi Kabir. Nyumba yetu na ya Ami zimevunjwa ukuta zikawa gereji moja, na palipokuwa na banda kijana amefunga kitambaa puani anapiga rangi milango ya magari. Hakuna iliki pale, kuna harufu ya rangi. Mjukuu wangu alikuwa ameegemea kioo cha gari, na mimi nilidhani amechoka.

"Bibi," akasema, "si wewe unatukataza kupokea mara ya kwanza?"

Nilimwambia kwamba zamani tulikataa kwa sababu tulijua tutaulizwa tena. Akataka kujua na siku hizi je. Swali hilo ndilo linaloniudhi kuliko kibao chenyewe. Namlea mtoto kwa adabu ambayo mwenzake hodari ataitumia kumnyang'anya, na nikimfundisha kupokea upesi, nimemnyang'anya mimi. Bibi angekuwa hai leo angenifunika uso kwa kanga yangu mwenyewe.

Nilipofika tu nikampigia simu binti wa Ami. Ni mwanamke wa makamo sasa, mwalimu, na ndoo ile ya bati anayo, amepanda mrehani ndani yake. Nikamweleza kuhusu kibao, hema, na farasi wa mwaka huu, nikamuuliza kama atampokea. Nilisikia anavuta pumzi, kisha ikatoka sauti ya baba yake kabisa.

"Aa, dada," akasema. "Usijisumbue."

Nikamuuliza tena.