Zamu ya Shamba la Baharini

Safari ya kunirudisha Ukambani ilichukua miaka ishirini na mbili na siku moja. Miaka ishirini na mbili ni ile niliyozunguka tangu nimalize kidato cha nne Migwani. Nimeosha sufuria katika kambi ya watalii, nimeuza viatu vya mitumba, nimelinda lango la tajiri mmoja ambaye, nilikuja kugundua, hakuwa na chochote cha kuibiwa. Mwishowe nilifika Pwani, na mwenye boti mmoja akanifundisha kupiga mbizi kwa sababu alichoka kuogelea mwenyewe kufungua nanga zilizokwama. Siku moja iliyobaki ni ile ya pikapu.

Pikapu ilikuwa ya mpika mahamri. Asubuhi huyu dada huuza mahamri. Jumamosi hujifunga mtungi wa hewa mgongoni na kushuka nasi kwenye miamba ya matumbawe. Tulikuwa saba, wote wa kujitolea: yeye, mimi, fundi friji, mwalimu mstaafu wa hesabu na wengine watatu waliokuja wakati wake zao waliporuhusu. Tuliokota vipande vya matumbawe vilivyovunjwa na nanga, tukavifunga kwenye meza za chuma tulizosimamisha kwenye maji ya kina kifupi, tukavisugua uchafu kila wiki mpaka vipate nguvu ya kupandikizwa mwambani. Ni kitalu kama cha miche ya mipapai, ila ukitaka kupalilia lazima uvae kama chura.

Mwaka uliotangulia mvua ilinyesha bara, mto ukaingia baharini ukiwa mwekundu, na kitalu chetu kikafunikwa matope. Tumbawe likikosa mwanga hugeuka jeupe, kisha hufa bila kelele. Tuliokoa vipande vichache, tukaanza upya.

"Hili tope linatoka wapi?" aliuliza mwalimu mstaafu.

"Ukambani," akajibu mpika mahamri.

Wote sita wakanigeukia, kana kwamba nimetoka nyumbani na ndoo nikalimwaga mwenyewe.

Ndivyo nilivyochaguliwa kwenda, pamoja na mpika mahamri na pikapu yake. Tulikuwa tumeonyeshwa mteremko mmoja karibu na Ikutha, wenye korongo linalotapika udongo kwenye mto Athi kila mvua ikinyesha. Kazi yetu ilikuwa kuwaomba wenye mashamba wachimbe matuta kabla ya mvua ya Novemba, la sivyo kitalu kingezikwa tena, na safari hii hatukuwa na vipande vya kuanzia upya. Mpika mahamri alisema tubebe mitungi miwili, watu waone kwamba hatusemi uongo.

Mitungi hiyo ilitusimamisha Kibwezi.

"Hiyo ni gesi?" askari aliuliza.

"Ni hewa, afisa."

"Hewa ya nini?"

"Ya kupumua."

Alitazama juu, akatazama vichaka vilivyojaa hewa ya bure pande zote. "Na mnaipeleka wapi?"

"Kitui."

"Kitui kuna hewa," akasema, kama mtu aliyetukaniwa jirani yake. Alituachilia baada ya kula mahamri matatu.

Kundi la kina mama tuliloelekezwa lilikuwa mwethya, yaani kundi la kazi ya zamu: leo wote wanachimba kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka kila mmoja afikiwe. Mama yangu alikuwa na lake Migwani. Nilikulia kwenye mabega ya mwethya, nikanyamazishwa na nyimbo zake, halafu nikaenda kusahau jambo lake la kwanza kabisa.

Mwenyekiti alikuwa mama wa miaka sitini hivi, kilemba cha kwaya kichwani, gambuti miguuni. Nilimsalimu kwa kumwita mwaitu, mama, kama desturi yetu inavyotaka. Nikasimama mbele ya wale kina mama kumi na watatu, nikatoa hotuba niliyoitayarisha tangu Voi. Nilimalizia hivi: "Tumekuja kujitolea. Tutachimba na nyinyi mpaka mvua ije. Na hatutaki kitu."

Aliyekuwa akisuka kiondo aliacha.

"Shamba lako liko wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Sina shamba, mwaitu."

"Huna shamba, na unataka kuchimba la mwenzako." Akawageukia wenzake. "Yule wa mwisho kuja hapa akisema hataki kitu, si alikuwa na mashine ya kupima ploti?"

"Na miwani nyeusi," mmoja akakumbusha.

"Labda huyu anatafuta makaa ya mawe," mwingine akasema. "Angalia hizo chupa zake."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Katika mwethya hakuna mtu wa kujitolea. Mtu anachimba kwako kwa sababu kesho utachimba kwake. Asiyekuwa na zamu ni kibarua au mwizi, na kibarua tulishakataa kuwa.

Mpika mahamri, ambaye Kikamba hakijui ila nyuso za watu anazijua, akaingilia kati. "Mama, shamba tunalo. Liko baharini."

"Mnapanda nini?"

"Matumbawe."

"Yanaliwa?"

"Hayaliwi. Samaki ndio wanaoishi humo."

"Kama zizi."

"Kama zizi. Sasa tope lenu likija linafunika zizi."

Nilimkanyaga mguu, lakini neno lilishatoka.

"Tope letu!" Mwenyekiti alisimama. "Kumbe nyinyi ndio mnakaa na udongo wangu? Miaka yote hii mimi napanda ndengu kwa mawe, udongo wangu uko kwenu mnaufagia?"

Walicheka mpaka aliyekuwa na kiondo akakiangusha. Lakini mwenyekiti hakuwa amemaliza. Alisema ataamini kuna watu wanaolima chini ya maji siku atakapowaona, na siku hiyo ingeweza kuwa leo, maana mdomo wa bomba la pampu ulikuwa umechomoka na kuzama katika bwawa la kanisa tangu Agosti.

Sijawahi kuwa na watazamaji wengi namna ile. Soko zima lilihamia bwawani, mbuzi wakiwemo. Mchungaji alituombea: "Bwana, wabariki ndugu hawa waliokuja na gesi." Nilijibana ndani ya suti ya mpira, jua likiniunguza kama mkate, nikavaa viatu vya bata na kutembea kinyumenyume kuingia majini. Mtu mmoja akauliza kama ndivyo ninavyorudi nyumbani pia.

Chini hapakuwa na kitu cha kuona. Sisemi palikuwa na ukungu. Nasema niliweka kiganja juu ya kioo cha miwani na sikukiona. Udongo mwororo ulinikalia mabegani, ukaingia masikioni, na nilipokaa kimya kidogo niliusikia ukinitulia mwilini, polepole, bila chuki. Nimesugua matumbawe miaka sita na ile ndiyo siku ya kwanza nilijua yanajisikiaje. Niliogopa, nikiri. Nikapapasa, nikapata kiatu, nikapata jembe bila mpini, nikapata kitu chenye nywele nilichokiacha haraka, kisha nikashika ule mdomo wa bomba.

Nilipotoka nilikuwa mwekundu kuanzia utosini. Mwenyekiti aliniangalia, akautazama mdomo wa bomba.

"Sasa huyu ni mkulima," akasema.

Tukaandikwa zamu ya kumi na nne, ya mwisho, baada ya kila mmoja wao. Mchungaji aliniuliza kando kama mtungi mmoja ungeweza kubaki kwa ajili ya ubatizo.

Mpika mahamri alirudi Pwani kuwaangalia wateja wake na kitalu. Mimi nikabaki Ikutha miezi miwili, nikilala katika ghala ya ndengu ya mwenyekiti. Siku ya kwanza nilichimba mtaro kwa bidii, nikitupa udongo upande wa chini, kwa sababu upande wa chini ndiko udongo unakotaka kwenda.

"Simama!" mwenyekiti akapiga kelele. "Udongo unatupwa juu! Juu ya mtaro, ndio ukae tuta. Mama yako hakukuonyesha?"

"Alinionyesha."

"Basi ulikuwa ukiangalia barabara."

Alisema kweli. Nilikuwa nikiangalia barabara. Kurusha udongo kuelekea juu ya mteremko huvunja mgongo, na jioni za kwanza nilishindwa kuinua kikombe. Lakini mchana walileta isyo, mahindi na maharagwe kwenye sufuria moja kubwa, tukala tukikaa juu ya tuta tulilolimaliza, nami nikamkumbuka mama hadi nikajifanya nimepata vumbi jichoni. Waliniita Mvuvi. Nilijaribu kueleza kwamba sivui samaki. Wakasema hilo ndilo tatizo langu.

Shamba baada ya shamba, mteremko ulijaa mistari. Wakati wingu la kwanza lilipokaa juu ya Mutomo tulikuwa tumebakisha mashamba mawili. Tuliyamaliza kwa siku nne, tukiimba vibaya.

Mvua ilinyesha saa nane mchana. Nilikimbia korongoni na gunia kichwani. Matuta yalijaa, yakashika. Moja tu lilipasuka, langu la siku ya kwanza. Maji yaliyofika korongoni yalikuwa na rangi ya chai ya kanisa, ile ambayo majani yake yamezungushwa tu mbele ya sufuria. Nilirukaruka peke yangu kama mwendawazimu.

Kisha nikatembea hadi Athi wenyewe. Mto ulikuwa mwekundu vilevile, mpana, wenye haraka, umebeba udongo wa kila kilima kuanzia huko juu, vilima ambavyo hakuna Mvuvi aliyewahi kufika. Mteremko wetu mmoja ulikuwa kijiko kilichoondolewa katika pipa. Sikuhitaji mwalimu wa hesabu.

Siku chache baadaye fundi friji alipiga simu. "Nusu ya kitalu imezikwa," akasema. "Nusu nyingine iko hai lakini imekaliwa na tope. Tuko watatu tu tunaosugua. Njoo."

Nilimwendea mwenyekiti, aliyekuwa akipanda ndengu katika udongo wake mwenyewe, na nikamwambia naondoka. Nikamwambia pia zamu yetu asijali, safari ni ndefu, wameshatusaidia kwa kuchimba.

"Hapa nilikuwa najichimbia," akasema. "Zamu ni zamu. Nani alikwambia unaweza kutuacha na deni la kazi, kana kwamba wewe ulikuwa kibarua?"

"Mwaitu, hamjui kuogelea."

"Hayo maji yanafika wapi?"

"Bahari ikipwa, kiunoni."

"Mimi nimevuka Athi ikiwa kifuani, na mbuzi mkononi."

Alifunga mfuko wa mbegu, akasema jambo lingine bila kunitazama: kuna kona ya shamba karibu na bwawa haina mwenyewe, na mtu anayejua kutupa udongo juu anaweza kufikiriwa. Kwa miaka ishirini na mbili nilikuwa nimetamani mtu yeyote Kitui aniambie hivyo. Lakini vipande vyetu vilikuwa vikifa nusu nusu, na nilijua watu wa kuvisugua ni watatu tu.

"Nitakuwa mtu wa kuangalia barabara tena," nikasema.

"Najua," akasema. "Nilikuwa na adabu tu."

Alfajiri ya Jumatatu mpika mahamri alileta pikapu. Kina mama walitoka kumi na wawili. Mmoja alibaki kuangalia ng'ombe wa wote. Kila mmoja alikuwa na shuka, chakula cha njiani na jembe.

"Majembe hatuyahitaji," nikasema. "Ni kusugua polepole, kwa brashi ya meno."

Mwenyekiti alipandisha gambuti zake garini kwanza, kisha yeye, kisha jembe. "Peleka gari, Mvuvi," akasema. "Shamba tutaliona tukifika."