Bi Timazi na Dirisha la Ghorofa ya Tatu

Mafundi wenzake walimwita Bi Timazi, kwa jina la uzi wenye kitu kizito wa kupimia wima wa ukuta, kwa sababu hakuweza kupita mbele ya ukuta uliopinda akanyamaza. Hata msibani aliwahi kumnong'oneza mdogo wake kwamba mlango wa wafiwa umekaa upande. Alikuwa fundi wa madirisha kwa miaka kumi na tisa.

Katika jengo walilokuwa wakijenga, madirisha yalizama ndani ya ukuta kiasi cha kiganja kizima. Yanapendeza, lakini kuyafunga ni shughuli: fundi mmoja anashika fremu chumbani, mwingine yuko nje juu ya jukwaa, amejinyoosha akikaza skrubu. Hapo ndipo shemeji yake, mume wa mdogo wake, alipoteleza na kuvunjika nyonga. Tangu hapo Bi Timazi akimwona mtu jukwaani, hamwondolei macho mpaka ashuke.

Akabuni njia yake. Alitengeneza kasha la mbao ngumu, wazi mbele na nyuma, likajengewa ukutani matofali yakipangwa. Upande wa nje kasha lina ukingo. Dirisha zima, na kioo chake, linasukumwa kutoka chumbani mpaka ligote kwenye ukingo, kisha linakazwa kwa ndani. Nje hasimami mtu.

"Maji yatakufuata mpaka sebuleni, mama," msimamizi wa ujenzi alimwambia. "Funga moja tulione. Likivuja, watu wako wanarudi jukwaani, na sitaki kusikia neno."

Siku ya jaribio, katika chumba cha ghorofa ya tatu, mhandisi wa jengo alisimama nyuma ya mafundi, mikono kifuani. Bi Timazi na fundi mwenzake wakasukuma. Katikati dirisha likakwama. Kioo kikalia kama kinataka kupasuka.

"Legeza mkono wako," Bi Timazi alisema.

"Nikilegeza linaanguka nje, dada!"

"Ukingo upo. Legeza, nakuomba."

Mwenzake akafumba macho, akalegeza. Dirisha likajinyoosha, likateleza, likagota. Chini kulikuwa na watu wanachanganya zege. Bi Timazi alihesabu vichwa vyao vyote kabla ya kuvuta pumzi.

Wakakaza skrubu, wakaziba kingo, wakafungulia mpira wa maji kutoka dirisha la pembeni, maji yakilipiga kwa nje. Dakika tano, pakavu. Dakika ya nane, tone likachungulia kwenye kona ya chini. Likafuata la pili.

"Si nilisema?" Msimamizi alicheka. "Pandisheni jukwaa!"

"Bado," alisema Bi Timazi. "Mhandisi, nipe nusu saa."

Mhandisi akatazama saa yake, akaitikia kwa kichwa.

Wakalegeza skrubu, wakavuta dirisha ndani. Akaweka pimamaji, kifaa cha kupimia usawa, juu ya ubao wa chini wa kasha. Ulikuwa sawasawa kabisa, na hilo ndilo lilikuwa kosa: maji yalikaa pale yakitafuta njia. Yeye, mgomvi wa kila kilichopinda, alikuwa ameunyoosha mno. Akachukua randa, akaupiga ubao ukainama kuelekea nje, maranda yakimwingia machoni.

Wakarudisha dirisha. Safari hii maji yalipigwa robo saa. Mhandisi akapitisha kidole kwenye kona, akakitazama, akakipitisha tena.

"Yaliyobaki yote, fungeni kwa ndani," alimwambia msimamizi. "Na hilo jukwaa lishusheni."

Bi Timazi alikaa sakafuni palepale, akampigia mdogo wake simu. "Mwambie mumeo limekubali," alisema. "Hakuna atakayepanda jukwaani tena."