Duara Lililokataa Kufunga

Asubuhi ile duara lilikataa kufunga. Kisu cha mashine ya kukatia stika kilianza juu, kikazunguka vizuri, kisha kikarudi na kupita pembeni ya pale kilipoanzia, kikaacha pengo dogo kama punje ya uwele. Kwenye herufi ndogo usingeliona. Kwenye O ya mlango wa gari, hata kipofu angelipapasa.

Gari lenyewe lilikuwa nje, la mfanyabiashara mmoja wa Kondoa, mzee mpole aliyekaa kwenye benchi la duka letu la Kizota akisubiri maandishi yake kabla ya adhuhuri. Upole wake ndio uliokuwa ukinielemea. Mteja mkali unajua namna ya kumjibu.

Nikabadili kisu. Pengo. Nikapunguza mwendo, nikapunguza mkandamizo, nikatoa rola zima la stika na kulipanga upya. Pengo, na sasa limekua. Nilikaa, nikasimama, nikazima feni, nikaiwasha tena. Sijui nilitarajia feni inisaidie nini.

Baba alikuwa kwenye kigoda chake karibu na mlango. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyeandika mabango ya upande huu wa mji, kwa brashi, na duara alilichora kwa mkono mtupu bila kuinua brashi. Vidole vyake vilipoanza kutetemeka ndipo nikaleta mashine. Tangu hapo ilimbakia kazi moja tu: kutoka kwake Nkuhungu mapema, kufungua duka kabla sijafika, na kuifuta mashine vumbi. Alijivunia kazi ile, nami nilimwachia, maana sikuwa na nyingine ya kumpa.

"Mama, labda imechoka," alisema. Huniita mama kwa kuwa nilirithi jina la mama yake.

"Mashine haichoki, baba."

Mwishowe nikainua vigurudumu vinavyobana stika, nikapitisha kidole. Kilitoka na uji mweusi wenye harufu ya jikoni. Mafuta ya alizeti yalikuwa yamegandamana na vumbi letu la Dodoma, na stika ilikuwa ikiteleza juu yake.

"Nani ametia mafuta humu?"

Baba aliangalia mikono yake. "Ilikuwa inalia," alisema. "Hata baiskeli ikilia unaitia mafuta."

Ningeweza kucheka. Badala yake nikasema, mbele ya mgeni, "Ndiyo maana wakasema kikulacho ki nguoni mwako." Mzee wa Kondoa aligeuza uso, akatazama barabarani.

Nilisugua vigurudumu kwa spiriti mpaka vikakauka. Nilipoinua kichwa, kigoda kilikuwa kitupu. Nikakata upya, nikabandika maandishi, na kabla ya kuondoka mzee akauliza baba yuko wapi, amuage. Nikasema ametoka kidogo. Niliona aibu hata kumtazama usoni.

Kesho yake nilikuta duka limefungwa. Sikufungua. Nilipanda bodaboda hadi Nkuhungu, nikiwa na kitambaa kikavu mkononi, nikimhimiza dereva aongeze mwendo. Baba alikuwa ameketi uani, amejifunika shuka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

"Mashine ina vumbi." Nikamnyooshea kitambaa.

Alikitazama. "Lile duara," akauliza, "lilifunga?"

"Lilifunga."

"Basi," alisema, akaingiza mikono yake ndani ya shuka, kitambaa kikabaki mkononi mwangu.